Vishikwambi darasani au rafu ya kidijitali maktabani: fedha ianzie wapi?

Shule ikipata fedha za zana za kidijitali, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaotaka kila mwanafunzi awe na kishikwambi chake, kwa hoja kwamba kifaa kinachozungushwa kati ya watoto watano hakikai kwa yeyote muda wa kutosha. Wapo wanaotaka fedha yote inunue vitabu vya karatasi, kwa kuwa kitabu hakidai chaji, hakipasuki kikianguka, na kikitunzwa hudumu miaka. Pande zote mbili zina ushahidi wa kweli. Ila zote huiruka maktaba, na kwa maoni yangu maktaba ndipo kazi hii inapopaswa kuanzia.

Hoja ya kifaa kwa kila mtoto imejaribiwa kwa upana. Peru ilikuwa miongoni mwa nchi zilizogawa kwa wingi kompyuta za mradi wa One Laptop per Child, yaani kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto. Watafiti walifuatilia shule 319 za msingi za vijijini nchini humo na kutoa matokeo mwaka 2012. Baada ya miezi 15 hivi, kompyuta zilikuwa zimeongezeka kutoka moja kwa wanafunzi wanane hadi zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi, na zilitumika kweli. Alama za hisabati na lugha hazikusogea.

Hapo wapinzani wa skrini hufunga mjadala, nami naona wanaufunga mapema. Mjini Delhi, India, wanafunzi 619 waliingizwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2019, na kwa bahati nasibu baadhi yao wakapewa nafasi katika vituo vya baada ya masomo vilivyotumia programu ya Mindspark. Kwa miezi minne na nusu tu waliwaacha wenzao mbali katika hisabati na Kihindi. Programu ile ilimpima kila mtoto na kumpa maswali ya kiwango chake halisi, hata kama kiwango hicho kilikuwa madarasa kadhaa nyuma ya darasa alilosajiliwa. Kipindi kilikuwa cha dakika 90: nusu kwenye kompyuta, nusu na mwalimu msaidizi katika kikundi. Peru iligawa mashine na kuziacha zifanye kazi zenyewe. Delhi kulikuwa na ratiba, maswali yanayomfaa mtoto na mtu mzima aliyekaa naye.

Watetezi wa karatasi nao wana jambo la kusikilizwa. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Ulionyesha kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa muda unapokuwa mfupi na maandishi yanapokuwa ya maarifa, kama sura ya biolojia au historia. Kwa hadithi tupu tofauti hiyo haikuonekana. Kwa mwalimu maana yake ni hii: sura ndefu ya kiada ibaki kwenye karatasi, hadithi fupi inaweza kusomwa popote, na skrini ipewe kazi ambayo karatasi haiwezi, yaani mazoezi yanayosahihishwa papo hapo, mchoro unaosogea, sauti ya matamshi na maandishi yanayokuzwa kwa asiyeona vizuri.

Sasa maktaba. Mpangilio wenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni seva ndogo isiyohitaji intaneti, yaani kompyuta inayohifadhi maudhui na kuyagawa kwa vifaa vilivyo karibu nayo. Kompyuta ya ukubwa wa kiganja kama Raspberry Pi 4, au kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 4, inawekewa Kolibri ya shirika la Learning Equality kwa ajili ya video na mazoezi, pamoja na Kiwix kwa ajili ya Wikipedia na vitabu vya marejeo. Inaunganishwa kwa waya na ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani ya seva, basi. Maudhui hupakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha hubebwa kwenye diski.

Waya huo kati ya seva na ruta usiupuuze. Wi-Fi iliyo ndani ya Raspberry Pi inatosha kwa majaribio ya watu wachache. Darasa zima likijiunga, kurasa hukwama na watu hudhani programu ndiyo mbovu. Hata kwa ruta nzuri, watoto 30 wakifungua video ileile kwa wakati mmoja ni matumizi mabaya. Video moja ichezwe kwa projekta, vishikwambi vibaki kwa mazoezi.

Matatizo mengine huja kimya kimya. Umeme ukikatika ghafla wakati seva inaandika, kadi ya kumbukumbu huharibika na seva haiwaki tena, kwa hiyo tumia SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, pale inapowezekana, izime kwa utaratibu kila jioni, na weka nakala kamili ya pili kabatini. Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa mbali na intaneti hupotea tarehe, na ripoti za mazoezi huonyesha kwamba mtoto alifanya kazi siku isiyokuwepo. Moduli ndogo ya saa yenye betri ya kidonge humaliza shida hiyo. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni faili moja ya zaidi ya GB 100, na diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, kwa hiyo iandaliwe kwa exFAT au ext4 kabla ya kunakili. Tena, simu na vishikwambi vingi vikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hujitoa vyenyewe na kurudi kwenye data ya simu. Zima data, na onyo likitokea chagua kubaki kwenye mtandao huo.

Ukilinganisha umeme, hoja ya maktaba hupata nguvu zaidi. Seva hiyo na ruta yake hutumia takriban wati-saa 100 kwa siku ya saa nane. Vishikwambi 40 vyenye betri ya mAh 5000 ni hesabu nyingine: kila betri ina wati-saa 19 hivi, ukijumlisha upotevu wa kuchaji ni kama 25, kwa hiyo kuvijaza vyote ni wati-saa 1000. Paneli ya sola ya wati 200 kwenye jua zuri la saa tano ingezalisha kiasi hicho kwenye karatasi tu. Kwa uhalisia vumbi, joto na kibadilishaji umeme vinakula sehemu yake.

Muda nao unaliwa. Ukigawa vifaa 40 kwa sekunde 10 kila kimoja, umetumia karibu dakika saba, na kuvikusanya ni dakika saba nyingine. Katika kipindi cha dakika 40, theluthi moja imekwenda. Dawa yake ni trei nane za vifaa vitano vitano, kila kifaa na namba yake, kiongozi wa kikundi achukue trei na kuirudisha. Nenosiri la wanafunzi wadogo liondolewe. Kolibri inaruhusu mwanafunzi aingie kwa jina lake pekee. Wakati wa likizo betri ziachwe na chaji ya nusu, si kamili wala sifuri. Kifaa kilichovimba mgongo kisichajiwe tena, kitolewe kabatini siku hiyohiyo, na kisitobolewe.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulipitia haraka, nalo ni umiliki. Kitabu cha karatasi shule ikikinunua ni chake. Kitabu pepe mara nyingi ni ruhusa ya kusoma kwa muda. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea maktaba sharti kwamba kitabu pepe kikishaazimwa mara 26 leseni yake inakwisha na kinunuliwe upya. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu pepe, za wateja waliokwisha kuvilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeviuza hakuwa na haki. Kabla ya kusaini chochote, mkutubi aulize: wangapi wanaweza kusoma kwa wakati mmoja? Usajili ukiisha tunabaki na nini? Tunaruhusiwa kuchapa kurasa? Na kumbukumbu za watoto zinahifadhiwa wapi, nani anaziona? Jibu lisipoandikwa kwenye mkataba, lihesabiwe kuwa hapana.

Ndiyo maana rafu ya kidijitali ni heri ianze na maudhui ya leseni huria. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za watoto katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, ambazo zinaweza kunakiliwa, kutafsiriwa na kuchapwa ilimradi waandishi watajwe. Hadithi iliyopendwa kwenye skrini inachapwa, inashonwa, inawekwa rafuni. Hapo ugomvi wa karatasi na skrini unakwisha wenyewe.

Muundo wa faili nao uangaliwe. PDF iliyopigwa picha kutoka kitabu cha A4, kwenye skrini ya inchi saba, humlazimisha msomaji kusukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari, na kwa mwanafunzi asiyeona ni ukuta mtupu, maana kisoma skrini, yaani programu inayomsomea maandishi kwa sauti, hukuta picha badala ya maneno. EPUB, muundo wa vitabu pepe, hujipanga kulingana na skrini na maandishi yake husomwa kwa sauti. Sauti hiyo isikilizwe kwanza: ikiwa imewekwa ya Kiingereza, Kiswahili kitasomwa kwa namna ambayo hakuna mtoto atakayeielewa.

Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya maktaba ni la watu. Shule nyingi hazina mkutubi; yupo mwalimu aliyepewa ufunguo juu ya vipindi vyake vyote. Kumwongezea seva, trei na leseni bila kumpunguzia vipindi ni kumbebesha mzigo ambao atautua njiani, na hakuna wa kumlaumu. Shule isiyoweza kumtengea mtu saa tano kwa juma kwa kazi hii, napendekeza bila kusita inunue vitabu vya karatasi na isubiri. Saa hizo zina kazi za kutosha: kuwasha na kuzima seva, kuchaji kwa zamu, kusoma ripoti na kumwonyesha mwalimu wa hisabati kwamba watoto tisa wamekwama kwenye sehemu zenye asili tofauti, kuchapa hadithi, kuandika kila kilichoharibika.

Shule yenye mtu huyo ianze na seva moja, trei mbili na projekta, kwa muhula mmoja, na daftari moja la kumbukumbu. Liandikwe ni vipindi vingapi vilivyopangwa na vingapi vilivyofanyika, vifaa vingapi viliwaka siku hiyo, na mazoezi mangapi yalikamilishwa. Vipindi vilivyofanyika vikiwa chini ya nusu ya vilivyopangwa, trei ya tatu isinunuliwe mpaka sababu ijulikane. Mara nyingi itakuwa ni chaja, ratiba au ufunguo uliokwenda nyumbani na mtu.