Suki, shoga, na kimya cha nani

Wafasiri wa Kiingereza wanaoshughulika na manga, hadithi za katuni za Kijapani, za maisha ya shule wana neno moja linalowatoa jasho: suki, yaani kupenda. Msichana anamwambia mwenzake "suki", na mfasiri analazimika kuamua papo hapo kama huyu anampenda mwenzake kirafiki tu au amezama kwake mzima mzima. Kiingereza kina vitenzi viwili kwa kazi hiyo, na ukishika kimoja umekifungia mlango cha pili. Sisi neno hilo halitusumbui. Napenda chai, nampenda mama, nampenda shoga yangu, nampenda mume wangu: kitenzi ni kilekile, na msikilizaji ndiye anayepima uzito. Wajapani nao wana usemi suki na hito, mtu ninayempenda, usiosema kama mtu huyo ni wa kike au wa kiume. Wenzake darasani wakimuuliza kama ana mtu anayempenda, msichana anaweza kujibu ukweli mtupu na siri yake ikabaki salama. "Mtu" wetu naye ni hivyohivyo.

Nimeanza na lugha kwa sababu mabishano kuhusu urafiki wa wasichana katika manga hutufikia yakiwa yamepitia Kiingereza, na hufika yameshakatwa vipande viwili: ni marafiki au ni wapenzi, chagua. Upande mmoja unasema waacheni wasichana wapendane bila kubandikwa jina, kwa maana urafiki nao ni kitu kizima, haungoji kupandishwa cheo. Upande wa pili unajibu kwamba huko kutobandika jina ndiko kulikotumika miaka mia kuwanyima wanawake wanaopenda wanawake nafasi ya kuonekana. Nimesoma manga hizi kwa miaka, na nimewahi kuwa pande zote mbili, wakati mwingine katika wiki moja.

Ugomvi wenyewe una umri mkubwa kuliko manga tunazozijua. Mwaka 1899 serikali ya Japani iliagiza kila mkoa uwe na shule ya sekondari ya wasichana, na lengo halikufichwa: kupata mke mwema na mama mwenye busara. Wasichana wakakusanywa pamoja, mbali na wavulana, katika miaka ambayo moyo ndiyo kwanza unaamka. Wakaanza kuchaguana, mara nyingi mkubwa na mdogo, wakaandikiana barua na kupeana zawadi, wakaoneana wivu. Uhusiano huo ukaitwa esu, yaani herufi S ya neno la Kiingereza la dada. Mkubwa wa namna hiyo watu wa pwani wangeweza kumwita somo, maana naye alikuwa mwandani na mwalimu kwa pamoja. Mwaka 1916 Yoshiya Nobuko alianza kuandika katika jarida la wasichana mfululizo wa hadithi zenye majina ya maua, ambao ulifika hadithi 52, na wasichana wa nchi nzima wakajiona humo.

Wazazi na walimu wengi waliuvumilia uhusiano huo kwa sharti moja lisiloandikwa popote: shule ikiisha, nao uishe. Ulihesabiwa kuwa mazoezi ya moyo kabla ya ndoa. Yoshiya mwenyewe hakulitii sharti hilo. Aliishi na Monma Chiyo karibu miaka hamsini, na mwaka 1957 akamwasili rasmi kama binti yake, kwa kuwa sheria haikuwapa njia nyingine ya kuwa familia moja. Karatasi za serikali zikasema mama na mwana. Kila ninaposikia mtu akisifu utamu wa mambo yasiyotajwa jina, huzikumbuka karatasi hizo.

Manga ilipoingia katika uwanja huu ilirithi maua na machozi, ikarithi na sharti. Kazi ya Yamagishi Ryōko ya mwaka 1971, ambayo wengi huihesabu kuwa manga ya kwanza ya aina inayoitwa yuri, yaani hadithi za wasichana wanaopendana, inawaweka wasichana wawili katika bweni la Ufaransa, na mmoja wao anakufa. Kifo au ndoa: kwa muda mrefu hizo ndizo zilikuwa njia kuu za kutokea.

Sasa upande wa kimya, ule usiotaka jina libandikwe. Nauanza huo kwa kuwa ndio ninaoutilia shaka zaidi, na una nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Katika hadithi nyingi za vijana, urafiki wa wasichana ni chumba cha kusubiria: wanakaa humo wakizungumza habari za mvulana mpaka mvulana afike. Manga inayompa msichana mamia ya kurasa za kumtazama msichana mwenzake, kujua anashikaje kalamu na ananyamaza vipi akikasirika, tayari imefanya jambo la nadra. Msomaji akianza kuhesabu kila mkono ulioshikwa kama kidhibiti mahakamani, anaupoteza utamu huo. Chukua K-On!, ya wasichana wa bendi ya shule wanaokunywa chai kuliko wanavyofanya mazoezi. Wanne wanahitimu, na Azusa, aliye nyuma yao kwa mwaka mmoja, anabaki. Huzuni yake ni kubwa na haihitaji kuelezwa kwa kitu kingine. Ukimwambia "kumbe ulikuwa unampenda mmoja wao", umemfariji au umempunguzia?

Tena kuna suala la umri. Wahusika hawa wana miaka kumi na tano, kumi na sita. Kutojua kilichomo moyoni, katika umri huo, ndiyo hali halisi. Mchoraji anayeonyesha kutojua huko vizuri hajakwepa chochote. Na manga ina vifaa vyake kwa kazi hiyo kuliko riwaya: uso uliochorwa bila mstari wa kisanduku, maneno ya moyoni yanayoelea nje ya puto la mazungumzo, ukurasa mzima ambao kilichomo ni vidole viwili na ukingo wa dirisha. Mambo hayo yanasema jambo ambalo mhusika hajalijua bado. Ukiliandika wazi, umemtangulia.

Hoja hiyo ningeikubali yote, kama si Kaorin.

Kaorin ni msichana katika Azumanga Daioh ya Azuma Kiyohiko, iliyotoka kati ya 1999 na 2002. Anampenda Sakaki, mrefu, mkimya, anayependa paka ingawa paka hawampendi. Hakuna msomaji asiyeelewa kinachomsibu Kaorin. Anaiva uso, anababaika, anaomba wapangwe pamoja. Na kila mara ni kichekesho. Mwaka wa mwisho anatenganishwa na Sakaki na kupelekwa darasa la Kimura, mwalimu asiyeficha tamaa yake kwa wanafunzi, na hicho nacho ni kichekesho. Nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Niliporudia miaka baadaye niliona kwamba katika kundi zima la wasichana wale, ambao kila kituko chao kinapewa muda na upole, moyo wa huyu mmoja haupewi ukurasa hata mmoja wa kuchukuliwa kwa uzito. Kimya hapa si cha Kaorin. Yeye angesema, angepewa nafasi.

Hapo ndipo ninapopimia siku hizi. Nikikuta jambo halijatajwa, nauliza kimya hiki ni cha nani. Kikiwa cha mhusika, kinamgharimu: analala nacho, kinampotezea marafiki, kinamfanya aseme uongo mdogo mdogo. Kikiwa cha mchapishaji, hakimgharimu mtu yeyote ndani ya hadithi, ila kinamletea wanunuzi wawili, mmoja anayetaka mapenzi na mwingine asiyetaka kusumbuliwa. Zamani kidokezo kilikuwa mlango pekee, na siwezi kumlaumu aliyeupitia. Lakini tangu 2005 Japani ina jarida zima, Comic Yuri Hime, linaloishi kwa hadithi za wasichana wanaopendana. Rafu ipo dukani. Anayebaki kwenye kidokezo leo amekichagua, na ni haki aulizwe kwa nini.

(Na kuna kimya cha aina ya tatu, cha mfasiri, ambacho huishia kuwa mchezo wa kuigiza. Katuni ya Kijapani ya Sailor Moon ilipotafsiriwa kwa televisheni ya Marekani, Haruka na Michiru, wapenzi, waligeuzwa mabinamu. Wakabaki wanatazamana vilevile. Watoto waliotazama wakabaki na maswali mabaya kuliko yale waliyokingwa nayo.)

Ila upande wa kutaja nao una upofu wake, na uliojitokeza wazi kwangu ni kuhusu Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio, mabuku manane, 2015 hadi 2019. Yuu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ameambiwa "suki" na mvulana siku ya kumaliza shule ya kati, na hakuhisi kitu. Anangoja moyo uruke kama kwenye nyimbo, hauruki. Kisha Touko, mkubwa wake katika baraza la wanafunzi, anampenda, na anachokipenda ni hicho hicho: kwamba Yuu hampendi mtu. Touko anaishi kwa kuiga dada yake aliyekufa, na anaogopa mtu atakayempenda jinsi alivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe hajioni. Kwa hiyo anamwomba Yuu, kwa maneno mengine, asimpende kamwe. Yuu naye anapoanza kupenda analazimika kulificha neno lilelile alilolingoja kwa miaka. Hiki ni kimya cha mhusika, na kila sura inaonyesha bei yake.

Wengi tulishangilia Yuu alipolitamka. Lakini wapo wasomaji waliojiona katika Yuu wa mwanzo, asiyehisi, na wakatarajia mara hii hadithi imwache hivyo. Kwao ushindi wetu ulikuwa mlango uleule wa zamani unaofungwa: kumbe hukuwa umekomaa tu, utapenda. Hilo ndilo wasichana wa esu walilokuwa wakiambiwa kuhusu wanaume. Nakatani alilijua, nadhani, kwani alimweka Maki, mvulana anayefurahia kutazama mapenzi ya wengine na asiyetaka yake, na hakumtibu. Hata hivyo Maki yuko pembeni, na kumtaja pembeni si sawa na kumpa hadithi. Sijapata jibu la malalamiko hayo.

Kazi iliyonituliza zaidi ni Aoi Hana ya Shimura Takako, iliyochapishwa 2004 hadi 2013. Fumi na Akira walikuwa marafiki utotoni, wakatengana, na wanakutana tena ndani ya treni huko Kamakura wakiwa wameanza sekondari, kila mmoja shule yake. Fumi analia upesi. Akira ndiye wa kumfuta machozi. Ndivyo ilivyokuwa utotoni na ndivyo inavyorudi. Kwa mabuku ya mwanzo ungeapa kwamba hii ni hadithi ya urafiki, na ungekuwa hujakosea. Fumi anampenda mwingine, mwanafunzi wa darasa la juu, na anamwambia Akira waziwazi kwamba anatoka na msichana. Akira anashtuka, kisha anahangaika atafanyaje awe rafiki mzuri katika jambo asilolijua. Baadaye sana ndipo Fumi anamwambia kwamba wa kwanza kumpenda maishani alikuwa Akira mwenyewe.

Kwa nadharia ya upande wa kimya, hapo urafiki ungekufa: jina limetajwa, utata umekwisha. Shimura anaonyesha kinyume. Utata ndiyo kwanza unaanza, ila umehamia kwa Akira. Anampenda Fumi, hilo halina shaka, lakini kupenda kupi? Anakubali wawe wapenzi bila kuwa na hakika, anajichunguza, anaona wivu na hajui ni wivu wa nani, wa rafiki au wa mpenzi. Wanaachana, na mwishowe wanarudiana. Kutaja jina hakukumaliza swali la suki. Kulimpa mtu wa pili haki ya kuliuliza kwa sauti. Hilo ndilo lililonivua msimamo wangu wa zamani kwamba jina huua hisia.

Kiswahili chetu nacho kimepita njia hii. Pwani, mwanamke humwita mwandani wake shoga, na halina ubaya. Limo katika taarab na katika mazungumzo ya barazani. Bara neno hilohilo limebebeshwa wanaume na kugeuzwa shutuma, hata mgeni kutoka huko akisikia mama wa Tanga akiita "shoga yangu!" dirishani hugeuka kutazama. Na mwanamke anayempenda mwanamke tumempa neno ambalo ni tusi kabla halijawa jina. Kwa hiyo namwelewa msomaji wetu anayeona afadhali lisitajwe: anafikiria majina aliyo nayo mkononi.

Kuna tukio katika kazi ya Nakatani ambalo halimhusu Yuu wala Touko. Sayaka, ambaye kwa muda mrefu amempenda Touko kimyakimya, anakutana kituoni na msichana aliyekuwa mkubwa wake katika shule ya kati. Zamani mkubwa huyo ndiye aliyemtaka wawe wapenzi, kisha akamwacha kwa hoja ya kwamba mambo yale yalikuwa ya kitoto. Sasa anamwomba radhi kwa upole mkubwa. Alikuwa na wasiwasi kwamba alimharibu. Anatumaini Sayaka amerudi kuwa kama wasichana wengine. Ni sharti lile la miaka ya Yoshiya, neno kwa neno, limevaa tabasamu. Sayaka hamjibu kwa hotuba. Anaushika mkono wa Touko, aliye kando yake na asiyejua lolote, na kuondoka naye.