Darubini ya jua Haleakalā: sayansi sawa, ila mlima una wenyewe

Ikitajwa darubini ya Inouye, ile ya kuchunguza jua iliyojengwa kileleni mwa mlima Haleakalā, kisiwa cha Maui kule Hawaii, watu wanajigawa fasta, wa sayansi huku wa mila kule, mimi siafiki, maana kuna wenyeji waliounga mkono na kuna waliokamatwa na polisi 2015 wakizuia malori ya vifaa yasipande mlimani.

Hoja ya wanasayansi ina uzito. Kioo kina upana wa mita 4, hakuna darubini ya jua inayoifikia, na kileleni pale, mita 3000 na ushee, hewa haina vumbi kiasi kwamba wanaiona korona (tabaka la nje la gesi linalozunguka jua) bila kusubiri jua lipatwe, na 2024 wakatoa ramani ya nguvu za sumaku za korona hiyo. Sio anasa hii, maana sumaku hiyo ndo chanzo cha dhoruba za jua. Machi 1989 dhoruba ya jua ilizima umeme Quebec, Kanada, watu milioni 6 gizani masaa kama 9, na enzi hizo GPS (satelaiti za kuonyesha ulipo) haikuwa mikononi mwa kila mtu kama leo.

Lakini mlima ule ni mtakatifu, masimulizi ya wenyeji yanasema hapo ndo Māui, shujaa wao wa hadithi, alilinasa jua kwa kamba liende polepole. Sasa jengo lina mita 40 na kitu na lazima liwe jeupe, ukilipaka rangi ya udongo linashika joto, hewa inatetemeka, picha inaharibika (usiku wanagandisha barafu ya kupoza mitambo mchana). Yaani kulificha haiwezekani, anayepanda kuomba atakutana nalo tu. Na wameanza kujengajenga pale tangu miaka ya 1960.

Watetezi watakwambia mahakama ya juu kabisa ya Hawaii ilibariki ujenzi 2016, na dola milioni 20 zilitengewa chuo cha Maui kufundisha sayansi pamoja na utamaduni wa wenyeji. Hela nzuri, sipingi. Ila walipolinganisha sehemu 6 za kujenga walipima anga, ridhaa ya watu ikaja baadaye kama karatasi ya kujaza, hapo ndo walipokosea sana.

Kwangu darubini ibaki, inatusaidia wote. Kinachoniuma ni kwamba hawakomi, jeshi la anga za juu la Marekani likaleta mpango wa darubini 7 zaidi kilele hichohicho, wakati Januari 2023 kituo chake kilimwaga dizeli galoni 700 hivi mlimani. Hizo 7 wenyeji wakisema hapana, basi iwe hapana kweli.