Kitimoto kimeiva, kachumbari je?

Kila semina ya tegu wa nguruwe huku Mbozi, Mbeya Vijijini hadi Iringa huishia palepale: ivisheni nyama. Ushauri ni sahihi, lakini hautoshi kumkinga mtu na kifafa.

Anayekula nyama mbichi yenye lava, yaani mtoto wa mnyoo, anapata tegu tumboni, mnyoo wa mita 2 hadi 7, na mara nyingi hata hajui kama anaye. Kifafa kinaletwa na mayai. Hayo hutoka na kinyesi cha mwenye tegu, maelfu kwa maelfu katika kila pingili, yaani kipande cha mnyoo kinachokatika. Ukiyameza, lava hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na kujijengea kifuko kwenye msuli, jicho au ubongo. Kwa hiyo kwenye sinia la kitimoto kilichokaangwa kikakauka, mimi naogopa kachumbari na mkono ulioikata, maana huo ndio unaoweza kuwa na mayai. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti vifuko hivyo kwenye ubongo wa Wayahudi wa New York wasiogusa nguruwe kabisa. Chanzo kilichoshukiwa ni wafanyakazi wa ndani waliokuwa na tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba palipo na ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa njia hiyo.

Nguruwe naye anaambukizwa kwa kula kinyesi cha mtu. Huku kwetu hufungiwa msimu wa kilimo ili asile mazao, kisha mahindi yakishavunwa anaachiwa ajitafutie, wakati vyoo vingine ni shimo tupu lisilo na mlango. Mnunuzi humlaza, humtia kijiti mdomoni, huvuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake akitafuta uvimbe mdogo mgumu, yaani kifuko cha lava. Akiukuta, yupo sahihi karibu kila mara. Asipoukuta, hajathibitisha kitu, maana mwenye vifuko vichache hupita. Na aliyekataliwa mnadani hafukiwi: anachinjwa nyuma ya nyumba, bila mkaguzi.

Dawa ya nguruwe ipo. Oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo, mara moja kwa mdomo. Kosa kubwa ni kukisia uzito. Pima kwa mita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu toka katikati ya masikio hadi shina la mkia, kisha kwa 69.3. Kifua 0.8 na urefu 0.9 ni kama kilo 40, yaani mililita 12 za dawa ya asilimia 10. Nguruwe huyo akae miezi 3 kabla ya kuchinjwa, vifuko vya nyama vipate muda wa kuyeyuka. Vya ubongo vinaweza kubaki, kwa hiyo kichwa msile.

Kwa binadamu, mtu asijinunulie dawa za minyoo prazikwanteli au albendazoli duka la dawa, maana hizo hufika hadi kwenye ubongo. Kifuko kikifa ubongoni huvimbisha pale kilipo, na mtu aliyekuwa mzima anaweza kuanguka kifafa siku hizohizo. Niklosamaidi, gramu 2 kwa mtu mzima, hubaki utumboni, ndiyo maana ni salama zaidi kwa kumtoa tegu.

Mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, mhudumu wa zahanati aulize pia: nani nyumbani ameona vipande vyeupe bapa kwenye choo? Huyo atibiwe wiki hiyohiyo, hata kama haumwi popote.