Hapa Mjumbe Ndiye Anayeomba

Wiki hii nimepata hundi ya dola 75 kutoka idara ya mapato ya jimbo la Minnesota. Nilimchangia mgombea mmoja wa bunge la jimbo dola 75, akanipa risiti, nikajaza fomu, na serikali imenirudishia pesa yangu yote. Mtu mmoja ni 75, mume na mke ni 150. Mpango huu umewahi kusimamishwa miaka hazina ilipokauka, lakini sasa upo. Nilikaa garini nje ya benki nikicheka peke yangu.

Siku hiyo hiyo kundi la WhatsApp la watu wa kwetu Kisauni, Mombasa, lilikuwa linawaka moto. Kuna mheshimiwa mtarajiwa wa uchaguzi wa 2027, jina lake nalihifadhi, na ndugu zake wanaomba sisi wa ng'ambo tumshike mkono. Pesa za nini? Si za mabango wala mafuta ya gari. Ni za kusalimia wazee. Mnajua kusalimia wazee ni nini: kuwagawia pesa ili wampe kura.

Tangu hapo nina jambo moja tu kichwani, nalo ni upande ambao pesa inaelekea. Hapa mwananchi humpa mwanasiasa. Kwetu mwanasiasa humpa mwananchi, akaitwa mkarimu, na yule asiyetoa akaitwa mchoyo hata awe na akili kama bahari.

Mshaanza, nawasikia. "Kaenda Marekani kuosha wazee, leo kaamka profesa wa siasa." Ndio, naosha wazee, kazi ya halali, na imesomesha wadogo zangu. Tena ni huko huko kwenye nyumba ya wazee nilikojifunza siasa za hapa. Mwaka 2023 bunge la Minnesota lilitunga sheria ya kuunda bodi ya kupanga viwango vya mishahara na masharti ya kazi katika nyumba hizo. Wafanyakazi wana viti, waajiri wana viti, serikali ina viti. Mwenzangu wa zamu ya usiku, mama wa Kiliberia, ndiye aliyenionyesha namna ya kutafuta nani alipiga kura ya ndio na nani alikataa. Kwenye simu, huku tunasubiri kengele za vyumbani.

Mjumbe wangu kwenye bunge la jimbo kwa miaka mingi, hapa mji wa Brooklyn Park, alikuwa Melissa Hortman. Wakili. Aligombea 1998 akaanguka, 2002 akaanguka, 2004 akapita, na 2019 akawa Spika. Mwaka 2013 alisukuma sheria ya umeme wa jua wa pamoja, ambayo inamwezesha hata mpangaji asiye na paa lake kujiunga na mtambo wa sola. Halafu ukaja huo mwaka 2023. Chama chake cha DFL, ndio Democrat wa hapa, kilikuwa na viti 70 kwa 64, na kwenye Seneti kilizidi kwa kiti kimoja tu. Kwa hesabu hiyo nyembamba wakapitisha chakula cha asubuhi na mchana bure kwa kila mwanafunzi, leseni ya gari bila kuulizwa makaratasi ya uhamiaji, na likizo ya ugonjwa na uzazi yenye malipo ambayo imeanza Januari 2026. Watoto wangu wanakula shuleni kila siku. Sijaona picha ya mheshimiwa kwenye sahani.

Na mshahara wa mjumbe? Julai 2023 uliwekwa dola 51,750 kwa mwaka. Pigeni hesabu: ni kama laki tano na nusu za Kenya kwa mwezi, ukiacha posho ya siku za vikao. Mbunge wetu anapokea zaidi ya laki saba kabla hatujagusa marupurupu. Yaani mjumbe wa jimbo hili la Marekani analipwa chini ya mbunge wa nchi ambayo walimu wake hugoma mara kwa mara. Wauguzi waliosajiliwa kazini kwangu wanamzidi mbali.

Kwa sababu hana cha kugawa, anaomba. Na kuomba kwake kuna kamba. Mgombea wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hapokei zaidi ya dola 1,000 kutoka kwa mtu mmoja katika mzunguko wa miaka miwili. Ukivuka dola 200 jina lako linaandikwa na mtu yeyote anaweza kulisoma. Washawishi wa kulipwa wanaozunguka bungeni hawaruhusiwi kumchangia bunge likiwa kwenye kikao cha kawaida, na tangu 1994 iko sheria ya kukataza zawadi ambayo wenyeji wanaitania kwamba hata kikombe cha kahawa kina maswali.

Sasa atasimama mwerevu mmoja aseme: "Mbona Marekani matajiri wananunua uchaguzi?" Wananunua, au wanajaribu. Makundi yanayotumia pesa zao yenyewe bila kupitia kwa mgombea hayana kikomo tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010, na msimu wa kampeni sanduku langu la barua hujaa makaratasi ya kumchafua mtu nisiyemjua. Wizi pia upo. Kesi ya pesa za chakula cha watoto iliyofunguliwa hapa Septemba 2022 ilikuwa ya dola milioni 250, na waendesha mashtaka walisema sehemu yake ilikwenda kununua majengo Nairobi. Nairobi, jamani! Lakini majina ya baadhi ya washtakiwa yalikutwa kwenye orodha za wachangiaji wa kampeni, wanasiasa wakaulizwa hadharani, kadhaa wakazitoa pesa hizo mikononi mwao. Waliulizwa kwa sababu orodha ipo. Wewe nionyeshe orodha ya waliomchangia mbunge wako. Sheria ya kugharamia kampeni Kenya tunayo tangu 2013. Kanuni zake tume ya uchaguzi, IEBC, ilipozipeleka bungeni 2021, waheshimiwa wakazitupa nje, wala hawakutoka jasho.

Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe, msije mkasema najivuna. Sisemi Wamarekani wana tabia njema kuliko sisi. Mpe Mmarekani mia mbili na kofia uone kama hatapokea. Ninachosema ni kwamba mjumbe asipotarajiwa kukulipia karo, kukuzikia baba yako na kuezeka msikiti, mnabaki hamna la kugombana naye ila kura anazopiga bungeni. Kwetu tukishapokea, mdomo wa kumuuliza kura unatoka wapi? Atakwambia, na kweli atakuwa amesema kweli, "Mimi na wewe hatudaiani."

Ngoja niwape mfano ulioniuma. Uchaguzi wa 2024 uliwapa DFL na Republican viti 67 kwa 67 barazani. Wajumbe wa DFL walisusia vikao zaidi ya wiki tatu mwanzoni mwa 2025 wakipigania nani ashike usukani, na sikupendezwa hata kidogo. Mimi nikisusia zamu siku moja nafukuzwa. Mwisho wa yote, ili bajeti ipite na serikali isifungwe, ikabidi kuwe na makubaliano, na sharti moja lilikuwa kuwaondoa watu wazima wasio na makaratasi kwenye bima ya afya ya jimbo, bima ambayo chama hicho hicho kiliwapa 2023. Tarehe 9 Juni mswada ukapita, 68 kwa 65. Kura moja pekee ya ndio kutoka DFL ilikuwa ya Hortman. Mjumbe wangu! Ninao watu ninaowajua, Waswahili kama mimi na wewe, waliopoteza kadi zao kwa kura ile. Nilikasirika. Nilipanga kumwandikia.

Tarehe 14 Juni mtu aliyejifanya polisi alimuua yeye na mumewe nyumbani kwao, si mbali na ninapoishi. Seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe walipigwa risasi mji jirani wa Champlin usiku huo huo, wakapona.

Kwa hiyo yule anayetaka kuniambia "hata huko wanauana", nimekusikia, na nilikuwepo. Sina jibu la kukufurahisha. Najua tu kwamba watu walipokusanyika kumlilia, walikuwa wakitaja sheria. Chakula cha shule. Umeme wa jua. Na wengine, pale pale kwenye maombolezo, bado walikuwa wakibishana juu ya ile kura ya bima. Mimi mwenyewe hadi leo sijui nimsamehe au nimshukuru kwamba serikali haikufungwa.

Sasa nisemeni vibaya tena, lakini sikilizeni hili kwanza. Tarehe 25 Juni 2024 nilikesha na simu nikitazama maandamano ya Nairobi. Mswada wa fedha ulipita, 195 kwa 106, na kabla moshi haujatulia vijana walishasambaza majina ya kila aliyesema ndio. Walishasambaza na nambari za simu za wabunge na kuwapigia mchana na usiku. Wengine walilipa kwa roho zao. Hapa Minnesota sijaona kitu kama kile, na niliwatambia wazungu wote kazini: mnaona, wale ni wa kwetu. Mwezi uliofuata Rais akatangaza kwamba maafisa wa umma wasishiriki harambee, ile michango ya hadharani. Tukapiga makofi. Harambee zikarudi. Na leo ndugu zangu wananiomba mchango wa kusalimia wazee! Vijana wale wale waliohesabu kura ndio nawaona kwenye picha za kundi, wamepanga foleni na fulana mpya za mtarajiwa. Hilo ndilo linalonichoma, si umaskini. Maskini hata mimi nilikuwa.

Tena sisi wa ng'ambo si malaika. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia baraza la jimbo kupitia eneo la 38A hapa hapa Brooklyn Park. Wakisii, ambao ni wengi kati ya Wakenya wa huku, walisherehekea, na sisi wachache wa Pwani tukajipenyeza kwenye pilau. Furaha ya kweli. Lakini kabla sahani hazijaondolewa nilisikia mtu akisema, "Sasa tuna mtu wetu, atatukumbuka." Atatukumbuka na nini? Mheshimiwa wa dola 51,750?

Nikauliza meza nzima: atakuwa kamati gani? Kimya. Mmoja akaniambia naleta siasa kwenye sherehe. Basi nimeweka arifa kwenye simu, kila mswada wa nyumba za wazee ukifika ukumbini nijulishwe. Akipiga kura vibaya, Mkenya asiwe Mkenya, namwandikia. Kwa Kiswahili, ili asiseme hakuelewa.