Kuakisi simu nzima nimeacha

Juzi nilikuwa nawaonyesha wenzangu ripoti, simu imechomekwa kwenye kompyuta, kompyuta inamulika ukutani. Nikiwa katikati ya maelezo, arifa ikashuka kutoka juu: "Ile pesa unarudisha lini?" Kikao kizima kiliisoma kabla yangu.

Kuna watakaosema ningezima arifa. Nimewahi. Nikasahau kuziwasha, nikakosa simu za siku nzima.

Siku hizi natumia skrini pepe. scrcpy, ile programu ya bure ya Genymobile ya kuonyesha simu ya Android kwenye kompyuta, ilileta uwezo huu kwenye toleo la 3.0, mwishoni mwa 2024. Badala ya kunakili kilicho kwenye kioo cha simu, Android inaunda skrini ya pili isiyo na kioo chochote, na picha ya hiyo ndiyo inayokwenda kwenye kompyuta. Kwenye dirisha la amri la kompyuta naandika scrcpy --new-display=1920x1080/240, naongeza --start-app na jina la kifurushi la programu ninayoitaka (lile la ndani ya Android), linafunguka dirisha pana. Simu yenyewe inabaki pembeni, huru, hata kupiga naweza kupiga.

Hiyo 240 ya mwisho msiidharau. Ndiyo inayoiambia Android vitu viwe vikubwa kiasi gani. Mara ya kwanza niliweka 420, kama ya simu yangu, nikapata herufi nene zilizojazana kwenye dirisha kubwa, nikakaribia kuiona skrini pepe ni upuuzi. Kushusha hadi 240, barua pepe ikajigawa kama kwenye tableti: orodha kushoto, ujumbe kulia.

Kero zipo. Ukigusa sehemu ya kuandika, kibodi inaweza kuibukia kwenye kioo cha simu badala ya dirishani. Mara ya kwanza nilidhani simu imeingiliwa na shetani. Dawa yake ni --display-ime-policy=local. Na ukifunga dirisha, programu iliyokuwa ndani inafungwa nayo, isipokuwa uwe umeongeza --no-vd-destroy-content ili ihamie kwenye simu. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo ingepaswa kuwa tangu mwanzo, maana nilishapoteza rasimu moja ndefu kwa kubofya alama ya kufunga tu.

Programu za benki zinazokataza kupigwa picha ya skrini, huku nako zinatoa weusi mtupu. Hapo sina malalamiko.