Hedi ya chuma au ya alumini kwenye injini ya turbo: swali ni siku gari litakapochemsha

Kwa mafundi wa Lubumbashi wanaofunga turbo kwenye injini zilizotoka kiwandani bila turbo, ubishi hauishi: kulasi, yaani silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda za injini, iwe ya chuma cha kusubu au ya alumini? Wa upande mmoja wanasema turbo inataka chuma kwa kuwa chuma ni kigumu. Wenzao wanajibu kwamba chuma kimepitwa na wakati na viwanda vimeshahamia kwenye alumini. Kwa maoni yangu wote wanabishania nguvu za injini, na kumbe linalomgharimu mwenye gari ni jambo jingine. Hedi ipi itabaki salama gari likichemsha katikati ya njia ya Kolwezi, na ikiharibika nani ataitengeneza?

Nianze na alumini, maana hoja yake ina uzito kuliko wapenzi wa chuma wanavyokubali. Alumini ya hedi hupitisha joto karibu mara tatu ya chuma cha kusubu. Kwenye petroli yenye turbo hilo ni jambo kubwa. Hewa iliyosukumwa na turbo huingia kwenye silinda ikiwa tayari ina joto na shinikizo, na sehemu yoyote ya chumba cha mwako iliyopata moto kupita kiasi inaweza kuifanya petroli ilipuke kabla ya zamu yake. Hapo injini inaanza kugonga, na kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni na kuvunja ringi. Alumini huliondoa joto hilo upesi na kulipeleka kwenye maji.

Mafundi wa Marekani wana kanuni yao ya siku nyingi: ukifunga hedi ya alumini unaweza kupandisha uwiano wa mgandamizo kwa namba moja hivi, tuseme kutoka 9 hadi 10, bila injini kugonga. Naichukua kama makadirio tu, kwa sababu umbo la chumba cha mwako na taimingi (wakati wa kurusha cheche) vinaamua mengi kuliko metali yenyewe. Lakini kwa mtu anayejaza tangi kwa makadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, bila kujua oktani (uwezo wa kutogonga) ya petroli anayouziwa, hata nafasi ndogo ya usalama ni ya thamani.

Chuma nacho kimeshajithibitisha. Buick Grand National ya 1987, yenye V6 ya lita 3.8, turbo na intakula (kipoza hewa), ilitoka kiwandani na hedi za chuma na nguvu za farasi 245. GNX, toleo lake maalumu la mwaka huohuo, ilitangazwa kuwa na 276. Hewa ilipozwa kabla ya kuingia, na kifaa cha umeme kilirudisha nyuma taimingi injini ilipoanza kugonga. Kwa hiyo anayesema hedi ya chuma haiwezi turbo ya petroli anakosea. Inaweza, ila inadai nidhamu zaidi.

Kwenye dizeli mambo yanageuka. Mafuta hupulizwa mwishoni mwa mgandamizo, hivyo ile hofu ya kulipuka mapema haina nguvu tena. Adui ni joto la moshi na shinikizo ndani ya silinda. Ndiyo maana TD42 ya Nissan Patrol, lita 4.2, yenye bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma na hedi ya chuma, inapendwa sana na wanaoongeza turbo. 1KZ-TE ya Toyota, ile ya lita 3.0 iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf, ina bloku ya chuma na hedi ya alumini, na sifa ya hedi yake kupasuka inajulikana mbali. Hata hivyo tusikimbilie kuihukumu metali: Duramax ya lita 6.6, iliyoanza 2001 kwenye pikapu kubwa za Marekani, ni dizeli ya turbo yenye hedi za alumini, na inavuta mizigo mizito.

Tatizo la alumini kwa hakika liko kwenye ndoa yake na bloku ya chuma. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua hedi ya silinda sita yenye urefu wa milimita 700, ipande joto kwa nyuzi 80: alumini itarefuka kama milimita 1.2, bloku ya chuma chini yake kama 0.6. Tofauti hiyo inaisugua gasketi, kizibo cha kati ya hedi na bloku, kila unapowasha na kuzima. Gasketi za tabaka za chuma zinavumilia, mradi nyuso zimelainishwa vizuri kwenye mashine. Gari likichemsha ndipo balaa linapokuja. Hedi inataka kutanuka zaidi, boliti zimeishika, basi inapinda. Tena alumini ya hedi hupewa ugumu wake kwa matibabu ya joto kiwandani, na joto kali likidumu ugumu huo unapotea. Unaweza kuisawazisha uso ukawa kama kioo, kumbe metali imelegea na boliti hazitashika tena. Kama kemshafti, mhimili unaofungua vali, imekaa juu kwenye hedi, njia inamozungukia nayo imepinda, na kusawazisha uso wa chini hakuinyooshi. Mafundi wengi hawaipimi njia hiyo, nami naona ni kosa zito kuliko kukosea metali.

Kwetu kuchemsha kuko karibu kuliko watu wanavyodhani. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Mfuniko wa rejeta wa bar 0.9 unapandisha kiwango hicho hadi zaidi ya 115. Mfuniko uliochoka unakurudisha kwenye 96, nawe umeshaongeza turbo inayozalisha joto zaidi. Na anayejaza maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) anailisha alumini kutu. Chuma nacho kinapata kutu, ila kinachelewa kutoboka.

Kuhusu matengenezo, alumini huchomeleka vizuri kwa argoni, ingawa karibu na weldi inalainika. Chuma cha kusubu kinataka kupashwa moto kwanza, vijiti vya nikeli, na kupoa polepole. Fundi akiharakisha, ufa mpya unazaliwa pembeni ya ule wa zamani. Jiji la migodi lina wachomeleaji hodari, lakini muulize mapema kama kazi hii anaijua. Uzito nautaja tu: ni muhimu kwa gari la mashindano, si kwa pikapu inayobeba magunia ya makala, yaani makaa.

Kwa dizeli ya kazi, basi, mimi nachagua chuma bila kusita. Kwa petroli ya turbo, alumini. Na kama tayari una 1KZ, usiuze gari. Weka kipima joto la moshi, kisha funga kihisi kwenye metali ya hedi yenyewe pamoja na king'ora. Geji ya kawaida hupima maji, na maji yakishamwagika yote, sindano yake inaweza kushuka wakati hedi inaungua.