Dodoma ni kavu, ndiyo maana kuta zinaanguka

"Mama, Dodoma hii mvua iko wapi?" Ndivyo alivyonijibu fundi wangu wa kwanza nilipouliza kama ukuta wa kuzuia kifusi hauhitaji matundu ya kutolea maji. Nikacheka, nikakubali. Kiwanja changu kiko mtelemkoni Ntyuka. Tulikuwa tumejaza kifusi upande wa chini ili nipate uwanja wa kuegesha gari, tukakizuia kwa ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita moja na nusu. Ulipigwa plasta na rangi ya maziwa, ukapendeza mpaka Januari. Usiku mmoja ukalala chini na banda la kuku la jirani, kuku wenyewe wakiwemo.

Banda nimelilipa. Ila jibu la yule fundi bado linanikera, kwa kuwa nusu ya mji tunafikiri kama yeye. Ni kweli mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 600 tu, lakini karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Miezi saba kifusi kinakauka na kupasuka nyufa, halafu kwa siku mbili kinanyweshwa hadi kulewa.

Baba alikulia Kondoa. Alikuwepo mifugo ilipoondolewa mwaka 1979, miaka sita baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma kuanza, wakati makorongo yanakula mashamba. Nilipompigia simu kumweleza habari ya ukuta hakunipa hata pole. Aliuliza, "Maji ulikuwa umeyapangia njia gani?"

Sikuwa nimeyapangia. Mhandisi niliyemtafuta baada ya hasara alinipigia hesabu nyuma ya risiti ya simenti. Ukuta wenye kimo cha mita 1.2, kifusi kikiwa kikavu, kila mita moja ya urefu wake inasukumwa kwa nguvu kama uzito wa kilo 400 na ushee. Maji yakijaa nyuma yake bila pa kutokea, mzigo huo unazidi mara mbili. Na kimo kikiongezwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Tofali za inchi 6 zilizosimama peke yake hazina ubavu huo.

Safari hii nilijenga kwa mataruma ya zege. Wakazi wa Dodoma tunayajua yale yanayolazwa chini ya reli; haya ni membamba zaidi, yanapangwa moja juu ya jingine kati ya nguzo. Taruma langu lina urefu wa mita 2, kimo cha sentimita 20 na unene wa 8, uzito kama kilo 77, kwa hiyo vijana wawili wanalibeba huku wakilalamika. Kama una nafasi, ukuta mnene wa mawe ni mzuri pia, na mawe Dodoma si ya kutafuta kwa tochi. Lakini ukuta wa mawe unakula upana mwingi chini, na mimi kila hatua ya uwanja nilikuwa naihitaji. Yale mabamba ya uzio yanayouzwa barabarani yaache yawe uzio. Hayakutengenezwa kubeba udongo.

Nondo ndiyo iliyotugombanisha na fundi wa pili. Alitaka kuziweka katikati, "zitulie." Taruma linasukumwa kutoka nyuma, kwa hiyo linabinuka kuelekea mbele, uso wa mbele ndio unaovutika, na nondo zikae karibu na uso huo. Nguzo ni kinyume chake, imeshikwa chini tu, hivyo inavutika upande wa udongo. Ukigeuza taruma siku ya kupanga, umenunua nondo za kulinda upande usiohitaji. Tulichora mshale kwa rangi nyekundu juu ya kila taruma. Fundi aliuona ni utoto, lakini alichora.

Kisha mashimo. Kanuni ya mkono niliyopewa ni kwamba nguzo iingie ardhini angalau sawa na inavyotokeza juu. Ardhi ya Ntyuka haikubali kirahisi. Kwenye nusu mita vijana waligonga tabaka gumu wakatangaza kwamba "hapa pametosha," na pale ndipo bajeti yangu ilipoteleza, maana bei ya kuchimba ilipanda mara moja. Nililipa. Australia, ambako kuta hizi ni za kawaida majumbani, sehemu nyingi ukuta ukizidi mita moja huwezi kuujenga bila mhandisi na kibali. Huku kwetu mchoro wa nyumba unapita mezani vizuri na ukuta wa nyuma hauonekani popote ndani yake, kama mtoto wa nje.

Nyuma ya mataruma tulilaza bomba lenye matundu, limeviringishwa kitambaa cha kuchuja, likiinama kidogo kuelekea korongo la pembeni, siyo kwa jirani. Juu yake kokoto upana wa sentimita 30 hadi karibu na juu. Hapo ndipo watu wanapobana hela, kwa sababu kokoto haionekani kwenye picha.

Tulijenga Agosti, na Agosti maji ni ya boza. Zege lilimwagiliwa siku saba chini ya magunia, na kila asubuhi nilijisikia ninamwaga pesa. Tangi langu la lita 5,000 nililisogeza mbali na ukingo. Likijaa ni tani tano, na hazina haja ya kukaa begani kwa ukuta.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Desemba, saa kumi jioni. Nilitoka na mwavuli nikasimama mbele ya mdomo wa bomba. Kwa muda mrefu halikutoa kitu, nikaanza kumfikiria yule fundi wa kwanza. Halafu yakaja, mekundu kama chai ya rangi, yakaendelea hadi baada ya mvua kukatika. Asubuhi jirani alibisha hodi, sura imekunjamana, akauliza kama nina habari kwamba bomba langu limepasuka.